Mkoba wa Katani wa Mama Bibiana

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ya Agosti ulipotuaga hapa nyumbani Makorora, na mpaka Jumapili iliyopita hakuna aliyethubutu kuuondoa mkoba wako kwenye msumari nyuma ya mlango. Baba alisema uachwe palepale. Kila akitoka kwenda karakana ya reli aliugusa kidogo kwa mkono, kisha akaenda zake. Alidhani hatumwoni.

Ulikuwa nesi. Tunaanza na hilo kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa ukianza nalo. Mtu akikuuliza u nani, hukusema mke wa Tadeo, wala binti wa Mkwaja, wala mama yetu sisi. Ulisema, "Mimi nesi," kisha ukanyamaza, na aliyeuliza akatafuta mengine mwenyewe. Baba alikuwa akilalamika kwamba hata padre siku ya harusi alijibiwa hivyo, na wewe hukukanusha.

Tunaikumbuka mikono yako. Kabla hujamgusa mgonjwa uliisugua kwanza mpaka ipate joto, hata katika jua la Februari ambapo hapa Tanga hakuna kitu chochote cha baridi. Ulituambia kwamba mtu anayeshinda kitandani hana tena nyumba isipokuwa ngozi yake, na si adabu kumwingilia bila hodi. Tulikuwa wadogo, hatukuelewa. Tulichoelewa ni kwamba nyumba nzima ilinuka sabuni ya kaboliki, sisi na nguo zetu na hata mkate, na shuleni watoto wenzetu walitukalia mbali wakidhani tumetoka kuchomwa sindano.

Wenzako wote waliomaliza masomo pamoja nawe walitaka wodi ya wazazi. Huko kuna vigelegele, kuna khanga mpya, kuna shangazi wanaoingia na mabakuli ya uji wa pilipili manga na kumgawia nesi. Wewe uliomba kupelekwa Kambi ya Wasiojiweza, nje ya mji, njia ya Pangani. Kule walilala waliopooza, wenye vidonda visivyofunga, na wazee wa mashamba ya katani ambao nguvu ziliwaishia huku kwetu na njia ya kurudi kwao wameshaisahau. Metroni alikuuliza kama umechanganyikiwa. Ulimjibu kwamba wale wanaopona wana watu wengi wa kuwafurahia, na wewe ungependa kukaa na hawa wasiofurahiwa na mtu.

Na jioni, ukishatoka Kambini, hukuja nyumbani moja kwa moja. Ulipita Mabawa, ukapita vichochoro vya Makorora, kuwaosha na kuwafunga vidonda wagonjwa waliolala majumbani kwao. Hakuna aliyekutuma. Chakula chako tulikifunika kwa sahani, na mara nyingi kilikuwa kimepoa ulipofika.

Bi Time wa Mabawa nani atamsahau? Mpemba yule, mwenye ulimi, aliyepooza upande mmoja. Ilikuwa lazima ageuzwe kila mara ili mgongo usifanye vidonda, naye alichukia kugeuzwa kuliko alivyochukia dawa. Binti yake, Mwanamkasi, alikuwa amekwisha kata tamaa. Wewe ukagundua kwamba mama huyu ana njaa moja tu, nayo ni habari. Basi njiani ulikuwa ukikusanya habari mlango hadi mlango: nani kaposwa, nani kaachika, nani kanunua redio na hataki jirani zake waisikie. Ukifika unamsimulia Bi Time mpaka pale habari inapokolea, unanyamaza.

"Eh, kisha?" anauliza.

"Kisha iko upande wa ukutani, bibi."

Na Bi Time alikubali kugeuzwa, akitukana, ili asikie mwisho wake. Mwanamkasi anasema mama yake alikwenda kaburini bila kidonda hata kimoja mgongoni, na akiwa anazijua siri za mtaa mzima.

Lakini tukisema tukusimulie wagonjwa wako wote, gazeti hili halitatosha. Leo tunataka kumsimulia mmoja, Mzee Methusela, na wewe unajua kwa nini.

Aliletwa Kambini wakati wa masika na lori la shamba la katani. Donda la mguu lilikuwa limemla kuanzia kifundo mpaka karibu na goti. Dereva alimshusha, akasema ni Mnyamwezi, akawasha lori akaondoka. Kwa dereva yule, na tuseme kweli kwa watu wengi wa pwani, kila aliyetoka bara kuja kukata katani ni Mnyamwezi. Awe Muha, awe Mfipa, awe ametoka Urundi, wote tunawatia kapu moja.

Na wewe ulikuwa Mzigua. Asiyejua mambo haya na ajue kwamba Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakishuka na pembe kwenda Saadani walipita katika nchi yetu, wakapigana nasi, wakaugua kwetu, wakafa kwetu, tukawazika. Mwisho ikawa tunatukanana bila kukasirikiana. Mtani atakuita jina lolote analotaka, atachukua kuku wako mbele ya macho yako, na ukifa yeye ndiye wa kwanza kuja kushika maiti yako. Mzigua aliyekosa Mnyamwezi wa kumtania hujiona mpweke.

Basi asubuhi uliyomkuta Mnyamwezi amelala kitanda cha dirishani, moyo wako ulifurahi. Ulisimama katikati ya wodi, mikono kiunoni, ukamwambia kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba yeye asijidanganye, akifa hapo hazikwi, utamviringisha katika gunia la katani ukamtupe bondeni, fisi wapate kitoweo. Wodi ilicheka. Ukangoja jibu, maana Mnyamwezi wa kweli angekujibu neno lingine la kukuvua nguo. Mzee yule aligeukia ukutani.

Ulidhani ana homa. Kesho yake ukamwongezea. Ukamuuliza bado hajafa, gunia linangoja. Naye akarudisha uji wake bila kuugusa. Siku iliyofuata akauficha mguu chini ya shuka na kukataa usifunguliwe. Uliporudi baada ya mapumziko yako harufu ya donda ilikuwa imefika mlangoni, na daktari alikuwa ameanza kuzungumza habari ya kuukata mguu.

Aliyekufumbua macho ni dresa Mwinyijuma, mtu wa Mtang'ata, mpole, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga vidonda vya upande wa wanaume pamoja nawe. Alikuvuta pembeni karibu na jiko la kuchemshia vifaa.

"Bibi nesi," akakuambia, "yule si Mnyamwezi. Mbena yule, wa huko Njombe, Mlutheri. Kwao hawana utani nasi. Maneno yako yote yuwayashika kweli."

Kisha akakueleza lililobaki. Wiki ile ile aliyoletwa Mzee Methusela, mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amefariki. Hakuwa na ndugu. Watu wa manispaa walikuja na mkokoteni, wakamzungushia gunia, wakamsukuma kwenda wanakojua wao, na hakuna aliyeweka jina. Mzee Methusela aliuangalia mkokoteni ule kutoka dirishani mpaka ulipopotea. Yeye naye hakuwa na mtu. Mke alimfia Njombe, watoto hakujaliwa, na watu wa kambi yake ya shambani walikwisha tawanyika. Hofu yake moja duniani ilikuwa mkokoteni ule na gunia lile. Naye nesi akasimama katikati ya wodi akamwahidi hivyo hivyo.

Siku hiyo hukupita Mabawa. Ulikuja moja kwa moja, ukakaa kizingitini na yunifomu yako nyeupe, ukakataa chakula. Baba alipokuuliza ulimwambia, "Nimemtukana mtu mzima, Baba Praxeda. Nimemtukana palepale panapomuuma."

Baba, ambaye maneno yake ni machache hata akiwa na furaha, alikushauri umwombe radhi polepole, faraghani, yaishe. Ukakataa. Ulisema tusi ulilitoa mbele ya watu, na radhi utaiomba mbele ya watu. Baba akasema kwamba metroni akisikia nesi anampigia mgonjwa magoti, utapata barua ya onyo. Ukamwambia na aandike.

Ilikuwa saa ya uji, wodi nzima imeamka. Mwinyijuma ndiye aliyetusimulia, na kila akisimulia hukohoa hapa. Ulikwenda mpaka kitanda cha dirishani, ukaivua kofia yako ya unesi ukaishika mkononi, ukapiga magoti juu ya sementi.

"Shikamoo, baba," ukasema.

Hakuitika.

"Nilidhani wewe ni mtani wangu. Si mtani wangu. Nimekosa, na nimekosa mbele ya hawa wote."

Wazee wa vitanda vingine waliacha kunywa. Mzee Methusela alinena akiwa bado ameelekea ukutani.

"Na yale ya gunia, nayo ulidhani?"

"Nayo nilidhani, baba. Kwetu mtani huambiwa hivyo."

Hapo ndipo alipogeuka. Alikutazama, wewe na magoti yako, kisha akakuuliza jambo ambalo hukulitegemea. Alitaka kujua hao Wanyamwezi, wakiambiwa maneno kama yale, wanajibu nini. Ukamweleza kwamba wanajibu mabaya zaidi, na wanacheka.

"Na Mnyamwezi akifia huku, hana ndugu?"

"Namzika mimi," ukamwambia. "Naita watu, namlilia, namtukana, namzika. Ndiyo kazi ya mtani."

Alinyoosha mkono akachukua bakuli la uji, akanywa mpaka mwisho, kisha akausogeza mguu nje ya shuka. Ulisugua mikono yako kwanza, kama kawaida yako, ndipo ukaufungua.

Kesho yake uliingia wodini kwa adabu zote, shikamoo kila kitanda, kimya kama mgeni. Ulipomfikia, Mzee Methusela alikuwa ameketi, amejiandaa. Alikohoa. Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka uani, "Wewe Mzigua, uji wako mwepesi, unapita kooni bila kusalimia."

Mwinyijuma anaapa kwamba hajapata kusikia tusi bovu kama lile, maana lilijaa heshima. Lakini wodi nzima iliangua kicheko, na wewe ulicheka mpaka ukakaa juu ya kitanda cha mgonjwa, jambo ulilokuwa ukitukataza hata sisi.

"Nani kakupa ruhusa ya kunitukana, wewe Mbena?"

"Nimejipa mwenyewe. Nataka kuwa mtani wako."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Ulijua. Ulimpa mkono, akaupokea, na mbele ya wazee wote wa wodi ile ukamwahidi kwamba siku yake ikifika mkokoteni wa manispaa hautamgusa. Utamzika wewe, kwa jina lake, na utamtukana mpaka udongo wa mwisho. Kabila zima la Wabena halikuulizwa, wala Wazigua hawakuulizwa. Mlifanya utani wenu wenyewe, wa watu wawili.

Mguu haukukatwa. Ulichukua muda mrefu, masika ikaja ikaenda ikaja tena, na hata ulipofunga ulibaki na kijidonda karibu na kifundo ambacho kila wakati wa kipupwe hufunguka. Alipoanza kukaa barazani alitafuta nyuzi za katani, maana mikono yake ilizoea mmea huo kuliko kitu kingine, akaanza kusuka. Siku moja akakukabidhi mkoba. Akasema hilo ndilo gunia ulilomtisha nalo, sasa libebe mwenyewe.

Ukaubeba. Ndani yake uliweka bandeji ulizofua na kuzikunja, chupa ya spiriti, mkasi, pamba, na mara nyingine andazi la kwa Bi Time. Tulikufahamu kwa mbali njiani kwa ule mkoba. Katani yake ilikuwa ngumu, ikikukwaruza ubavuni, na ulipolalamika Mzee Methusela alijibu kwamba hata wewe ulikuwa ukimkwaruza.

Matusi yake yalinoga mwaka hadi mwaka. Sisi watoto tulimjua kama tunavyomjua babu. Krismasi tulimpelekea maandazi, tukamwamkia shikamoo, na yeye akiitika marahaba kwa upole kisha anatuuliza yule mama yenu mvivu bado hajafa. Beatrisi, aliyekuwa mdogo, alilia mara ya kwanza. Mara ya pili alimjibu kwamba mama anangoja wewe utangulie, na mzee akafurahi hata akampa kikapu kidogo alichokisuka mwenyewe.

Kisha, Mama, moyo wako ukaanza kukuchosha. Kwanza ulisimama kupumzika kwenye kona ya msikiti, halafu ukawa unapumzika kila nyumba, halafu hukutoka tena. Wewe uliyeuguza watu ukawa mgonjwa wa nyumbani, na Mungu atusamehe, hatujapata kuona mgonjwa mkorofi kama wewe. Shuka likiwa na mkunjo mmoja ulitufokea. Praxeda alipokugeuza ulimwambia mkono uwe chini ya bega, si kwapani, yeye si mchukuzi wa magunia. Bakuli likiletwa bila kisahani ulilirudisha.

Siku moja Praxeda alikuja kukuosha, na bila kufikiri akasugua viganja vyake kwanza mpaka vikapata joto. Ulimwona. Ulilia, Mama, ukasema ni vumbi. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Jambo moja tu lilikusumbua wiki zile za mwisho, wala halikuwa sisi. Ulimshika Baba mkono ukamwambia, "Mzee Methusela. Nilimwahidi." Baba alisema utapona, mambo hayo yaache. Ukasema si la kuacha. Baba alitoka akaenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa. Kule Kambini, Mzee Methusela alipoletewa habari kwamba huinuki, alimtuma Mwinyijuma akuambie kwamba asisikie upuuzi, Mzigua asithubutu kumpita kwenye foleni. Ulicheka mpaka ukakosa pumzi, nasi tukaogopa.

Ukampita.

Siku ya mazishi watu walijaa, Mama. Manesi na yunifomu zao, wanawake wa Mabawa na mabuibui yao, Mwanamkasi akiwa ameshika mkono wa Beatrisi hakuuachia. Mjomba Manase alikuja kutoka Mkwaja na ndugu zako. Tulikuwa tumeshafika kaburini, padre amemaliza sala, wanaume wameinua mabeleshi, tuliposikia magurudumu.

Mwinyijuma alikuwa anasukuma mkokoteni, amelowa jasho. Juu yake aliketi Mzee Methusela katika shati lake jeupe la kanisani, fimbo magotini, amenyoosha shingo kama chifu. Tangu aletwe Kambini hakuwa ametoka nje ya ua wake. Mkokoteni aliouogopa miaka yote ndio aliouagiza mwenyewe, kwa kuwa miguu isingemfikisha.

Alishuka. Akaja akichechemea katikati ya watu mpaka kwenye lundo la udongo kando ya kaburi, akakaa juu yake.

"Huyu hazikwi," akasema.

Padre alifunga kitabu. Mjomba Manase, ambaye hakumjua, alikuwa anakwenda kumwinua kwa nguvu, na Mwinyijuma akamzuia.

"Mwache, yakhe. Mtani wake huyo."

Mzee Methusela aliinama juu ya kaburi. Alizungumza nawe kama mlivyokuwa mkizungumza wodini.

"Toka humo, Mzigua. Zamu hii ni yangu. Ulisema utanizika mimi, sasa umekwenda kujilaza wewe. Mvivu wewe. Siku ile umekalia kitanda changu nilijua unatafuta pa kulala."

Mwanzo mmoja wa manesi ndiye aliyecheka, akajiziba mdomo. Kisha akacheka Mwanamkasi, halafu ndugu zako wa Mkwaja walioelewa, na mwisho makaburi yote yalikuwa yanacheka na kulia pamoja, hata padre aligeuka kando. Tulicheka, Mama. Tulikuwa hatujaweza kulia vizuri tangu asubuhi, na kicheko kile ndicho kilichotufungua.

Lakini Mzee Methusela hakucheka. Alikaa pale juu ya udongo, fimbo imemponyoka, na aliposema tena sauti ilikuwa ndogo.

"Sasa mimi atanizika nani?"

Sote tulimjua mtu aliyeulizwa swali hilo, naye alikuwa amelala. Ndipo Baba alipotoka mahali aliposimama. Alikuwa na suti yake moja, ile ya harusi. Akaenda akapiga magoti kwenye udongo mbele ya mzee yule, kama wewe ulivyopiga kwenye sementi.

"Shikamoo, baba," Baba akasema. "Tutakuzika sisi, watu wa Bibiana. Mtani wake ni mtani wetu. Alinisemesha siku zile nikashindwa kumjibu. Namjibu leo."

Mzee Methusela alimtazama kama alivyokutazama wewe. Akamuuliza kama anajua kutukana.

"Sijui," Baba akasema.

"Utajifunza," mzee akajibu, akampa mkono ainuliwe. Kisha akachota udongo kwa viganja vyake viwili, akautia yeye wa kwanza. Uliyeahidi kumzika, Mama, ndiye aliyekuzika.

Huu ni mwaka sasa. Baba, mtu wa spana na grisi, amejifunza kwa Mwinyijuma kufunga bandeji, maana kipupwe kimekuja na kile kijidonda kimefunguka. Kila Jumapili baada ya misa huenda Kambini. Tumemchungulia akisugua mikono kabla ya kuugusa mguu wa mzee. Kutukana bado hajui. Jumapili iliyopita alimwambia Mzee Methusela kwamba ana masikio makubwa, na mzee akamsikitikia.

Hiyo ndiyo Jumapili mzee alipomuona Baba amebeba bandeji katika karatasi ya gazeti. Akauliza mkoba wake alioutolea jasho uko wapi. Baba akasema uko msumarini, ni ukumbusho. Mzee akasema yeye hakusukia msumari. Baba alirudi nyumbani, akaushusha, akaukung'uta vumbi, akaanza kupanga ndani yake pamba na spiriti kama ulivyokuwa ukipanga. Mkasi wako bado ulikuwamo. Tumemwacha aubebe, na katani inamkwaruza ubavuni naye hasemi kitu.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii asubuhi, na baadaye tutakula pamoja hapa nyumbani Makorora, uji ukiwa mzito.

Tunaokukumbuka ni mumeo Tadeo, binti zako Praxeda na Beatrisi, kaka yako Manase na ndugu wote wa Mkwaja, Mwanamkasi na watu wa Bi Time wa Mabawa, na Mwinyijuma na wenzako wa Kambini. Mzee Methusela ametaka jina lake liwekwe mwisho kabisa, kwa sababu anasema amekusudia kuwa wa mwisho.

Tulipomuuliza tukuandikie nini kutoka kwake, alisema, "Mwambieni sina haraka. Miaka yote alinisubirisha uji. Sasa na asubiri yeye."

Subiri, Mama. Siku yake ikifika tutamleta kwa jina lake, wala si katika gunia, na Baba atamtukana kadiri atakavyoweza. Mpaka hapo, na baada ya hapo, hutoki mioyoni mwetu.